Kibaba, Pishi na Frasila: Khabari za Ujazo na Uzito katika Vipimo vya Waswahili

I

Methali isemayo "Haba na haba hujaza kibaba" yajulikana na kila mtoto wa shule, na kila mwalimu huweza kuieleza maana yake ya ndani. Walakini mara nyingi nimewauliza wanafunzi wangu swali lililo jepesi zaidi, yaani kibaba chenyewe ni nini? Wote hujibu ya kuwa ni kipimo. Nikiuliza ni kipimo cha nini, hugawanyika. Baadhi yao husema ni kipimo cha ujazo, kwa kuwa kibaba hujazwa, na methali yenyewe yashuhudia. Wengine husema ni kipimo cha uzito, kwa kuwa wameona imeandikwa ya kuwa kibaba ni ratili moja na nusu. Kila kundi lina hoja yake, na hakuna aliyekosa kabisa.

Katika makala hii nakusudia kueleza jinsi vipimo vya zamani vya pwani yetu vilivyosimama baina ya ujazo na uzito, na jinsi watu walivyovuka kutoka upande mmoja hata upande wa pili. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la wapishi na wachuuzi tu. Lakini mtu yeyote anayesoma maandishi ya karne ya 19, au anayetafsiri vitabu vya sheria ya dini, au anayetunga kamusi, hana budi kukutana nalo. Na akiligeuza vibaya, hukosea ujira wa mchukuzi, chakula cha nyumba na haki ya maskini.

Mimi mwenyewe nilikutana nalo jikoni kabla ya kulikuta vitabuni. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika nchi za Ulaya, nilimwandikia mama yangu kumwomba kiasi cha kukandia maandazi. Alinijibu: unga wa ngano vibaba viwili, tui la nazi moja, sukari na hamira kwa kiasi chake. Sikuwa na kibaba. Nilikuwa na mizani na kamusi. Kamusi iliniambia ratili moja na nusu, nami nikapima ratili tatu za unga bila ya kusita. Maandazi yale yalitoka magumu kama kokoto. Nilidhani kosa ni la nazi za dukani, maana zilikuwa kavu. Miaka kadhaa ilipita kabla sijatambua ya kuwa mama hakukosea, wala kamusi haikusema uwongo, ila kila mmoja alikuwa akisema khabari ya kitu kingine.

II

Yafaa kwanza tuviweke vipimo vyenyewe kwa taratibu yake. Makamusi ya lugha hii, tangu lile la Krapf la mwaka 1882 hata lile la Johnson la mwaka 1939, yametuhifadhia majina yake, na wazee wa pwani wangali wakiyakumbuka.

Upande wa ujazo, kipimo cha chini kilichotumiwa sana kilikuwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga kimoja. Visaga viwili, yaani vibaba vinne, ni pishi moja. Pishi sitini ni jizla, na jina jingine la kiasi hicho ni mzo. Kwa vipimo hivi watu walipima mchele, mtama, mahindi, kunde, chumvi na kila kitu kimiminikacho kama nafaka. Havikuhitaji mizani wala mawe. Vilihitaji chombo, mkono na jicho la mnunuzi.

Upande wa uzito, kipimo cha chini kilikuwa wakia. Wakia kumi na sita ni ratili moja. Ratili tatu ni mani moja, na mani kumi na mbili ni frasila moja. Frasila kumi hufanya mzo, na hapa msomaji ataona ya kuwa mzo umetajwa pande zote mbili. Jambo hilo tutalirudia. Kwa frasila zilipimwa bidhaa za safari ya mbali: pembe za ndovu, sandarusi, karafuu. Hizi ni bidhaa zilizouzwa kwa wageni, na mgeni hakubali chombo asichokijua.

Wakia ya pwani haikuwa fikira tupu. Ilikuwa uzito wa reale moja ya fedha, ile sarafu ya Maria Theresa yenye tarehe ya mwaka 1780, ambayo iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo muda mrefu baada ya malkia huyo kufa, ikaenea katika Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo. Mtu akizidisha kwa kumi na sita hupata ratili ya gramu 449 hivi, iliyo karibu sana na ratili ya Kiingereza ya gramu 454. Ratili thelathini na sita za namna hii hufanya frasila ya kilo 16 na kidogo. Ndiyo maana Wazungu waliofika Unguja waliandika ya kuwa frasila ni ratili 35 za kwao. Tena ndiyo maana jina la ratili liliweza kuhamia kwenye kipimo cha Kiingereza bila ya watu kuona tofauti kubwa. Mfanyabiashara aliyekuwa na mfuko wa reale, basi, alikuwa na mawe yake ya mizani mfukoni.

Majina haya ya uzito karibu yote yamekuja kwa njia ya Kiarabu, nayo Kiarabu kiliyapata mengine kwa watu waliotangulia. Wakia ni ndugu wa neno la Kilatini uncia. Mani ni neno la kale sana, lilitumika Babeli. Khabari ya ratili ni ya ajabu zaidi kwetu sisi tunaochunguza lugha. Wataalamu wengi huona ya kuwa limetokana na neno la Kiyunani litra, lililokuwa jina la uzito, herufi zake zikapinduliwa mahali. Sasa neno hilo hilo litra lilishika njia nyingine, likafika Ufaransa na kuwa jina la kipimo cha nafaka, na mwishoni mwa karne ya 18 likafanywa litre, ambalo sisi tumelipokea kuwa lita. Hivyo ratili na lita ni watoto wa mama mmoja. Mmoja aliingia Kiswahili kwa mlango wa Arabuni akiwa uzito, na wa pili kwa mlango wa Ulaya akiwa ujazo. Neno la kipimo, basi, halina ahadi ya kukaa upande mmoja.

III

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Katika vitabu vya zamani mara nyingi huonekana maelezo mawili ya kibaba: ya kuwa ni kama painti moja, na ya kuwa ni kama ratili moja na nusu. Msomaji huyapokea yote mawili kana kwamba ni jambo moja lililosemwa mara mbili. Lakini tuyatie katika hesabu.

Painti ya Kiingereza ikijazwa maji huwa na uzito wa ratili moja na robo. Nafaka ni nyepesi kuliko maji kwa ujazo ulio sawa, kwa sababu baina ya punje na punje mna hewa. Lita moja ya mchele mkavu yapata gramu 800 au 850 tu. Kwa hiyo painti ya mchele, ikifutwa sawasawa mdomoni, huwa ratili moja hivi. Haiwezekani kabisa ifike ratili moja na nusu, maana hata maji hayafiki. Basi ama painti si painti, ama ratili moja na nusu si ya chombo kilichofutwa.

Hapa lugha yenyewe yatusaidia, kwa sababu Kiswahili hakikuridhika na neno kibaba peke yake. Watu walisema kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Cha mfuto ni kile kilichopitishwa mkono au kijiti juu ya mdomo wa chombo, nafaka iliyozidi ikaanguka. Cha tele ni kile kilichorundikwa hata nafaka ikasimama juu ya mdomo kama kichuguu, na punje ya mwisho ikateleza. Tofauti ya maneno haya mawili ilikuwa ni sharti la mapatano. Aliyekopa kwa tele akarudisha kwa mfuto alikuwa amempunja mwenziwe.

Tofauti hiyo ni kiasi gani? Yategemea umbo la chombo. Nafaka ikimwagwa hujiinamisha kwa pembe yake yenyewe, na kwa mchele pembe hiyo yapata digrii 35. Tukichukua chombo chenye umbo la kopo, ambacho upana wake ni sawa na kimo chake, kilele cha nafaka huongeza kama asilimia 12. Lakini tukichukua chombo kilicho mfano wa kifuu cha nazi, yaani nusu ya mpira, kilele hicho huongeza kama asilimia 35, zaidi ya theluthi moja. Vyombo viwili vikiwa na ujazo ulio sawa kabisa kwa maji, vyaweza kutofautiana sana kwa nafaka ya tele, kwa ajili ya upana wa mdomo peke yake.

Kutokana na haya twaweza kufahamu jinsi maelezo mawili yalivyopatikana. Anayetaka kujua ujazo wa chombo hukitia maji, na maji hayana tele. Anayetaka kujua uzito wa chakula huenda sokoni, hununua kibaba kama kinavyouzwa, kisha hukiweka katika mizani. Wa kwanza huleta jawabu la chombo, na wa pili huleta jawabu la biashara. Kamusi ikiyaandika majawabu hayo pamoja, yaonekana kuwa moja ni tafsiri ya jingine, na sivyo.

IV

Iko sababu nyingine iliyoipa ratili moja na nusu nguvu. Tukitazama majedwali mawili niliyoyataja juu, ya ujazo na ya uzito, twaona ya kuwa yamefungwa pamoja kwa fundo moja: pishi sita ni frasila moja. Fundo hilo likikubaliwa, mengine yote hufuata bila ya mizani. Frasila ni ratili 36, na pishi sita ni vibaba 24. Basi kibaba ni ratili moja na nusu. Frasila ni mani 12; basi pishi ni mani mbili, na kibaba ni nusu ya mani. Jizla ni pishi 60. Basi ni frasila kumi, na ndiyo maana jina la mzo likaweza kuishi pande zote mbili.

Huu ni mpango mzuri wa kufanyia hesabu kichwani. Mwenye duka aliyekuwa na shehena ya nafaka aliweza kuikisia kwa frasila akiwa amehesabu pishi tu, na nahodha aliweza kujua uzito wa mzigo wake kwa kuuliza ni jizla ngapi. Lakini mpango huu ni wa kweli kwa nafaka tu, na hasa kwa nafaka nzito kama mchele. Kwa bidhaa nyingine fundo hulegea. Tukikubali kibaba ambacho mchele wake ni ratili moja na nusu, chombo hicho hicho kikijazwa unga wa ngano kitatoa ratili moja hivi, kwa kuwa unga una hewa nyingi ndani yake, na lita moja ya unga yapata gramu 550 tu. Kikijazwa sukari kitazidi kidogo ratili moja na nusu. Kikijazwa chumvi ya unga kitapita ratili mbili.

Hapo ndipo maandazi yangu yalipoharibikia. Vibaba viwili vya mama vilikuwa ratili mbili za unga, mimi nikatia tatu, na tui la nazi moja halikuweza kuulainisha ule uliozidi. Mama alikuwa akipima ujazo. Mimi nilipima uzito wa mchele, kisha nikautia kwenye unga.

Yapasa tuseme pia ya kuwa mpishi wa kale hakuwa mjinga kwa kutotumia mizani. Kanuni yake ilikuwa ya uwiano: kwa kibaba kimoja cha mchele, maji au tui vibaba kadha, kwa chombo kile kile. Chombo kikiwa kikubwa au kidogo, wali hauharibiki, kwa sababu kila kitu kimekua au kimepungua pamoja. Shida huanza kiasi kinapotoka nje ya nyumba, kikaandikwa na kusomwa na mtu mwenye chombo kingine. Wamarekani walipambana na jambo hili mapema. Katika kitabu cha mapishi kilichotolewa Boston mwaka 1896, Fannie Farmer alishikilia ya kuwa kila kikombe na kila kijiko kifutwe sawasawa mdomoni, na kwa hayo akapata sifa kubwa. Kwa maneno yetu, aliiondoa tele jikoni akaacha mfuto. Waingereza walishika njia ya mizani. Mpaka leo mtu anayehamisha kiasi cha maandazi kutoka kitabu cha Marekani hata kitabu cha Uingereza hana budi kujua kwanza kinachopimwa ni unga, sukari au mchele, kwa maana kikombe kimoja cha Kimarekani cha unga ni gramu 120 au 130 hivi, na cha sukari ni gramu 200.

V

Pwani yetu ilikuwa na sababu kubwa kuliko maandazi ya kutafuta usawa wa ujazo na uzito, nayo ni zaka. Zaka ya fitri, itolewayo mwisho wa mwezi wa Ramadhani, imewekwa kwa kipimo cha Madina kiitwacho swaa, na swaa moja ni mudi nne. Wanavyuoni wa Kiswahili walipotafsiri neno hili waliona ya kuwa na wao wana kipimo kikubwa kilichogawanyika sehemu nne. Wakasema swaa ni pishi, na mudi ni kibaba. Tafsiri hii imekaa katika vitabu na hotuba mpaka sasa, na kwa upande wa lugha ni tafsiri njema: nne kwa nne, chombo kwa chombo, nafaka kwa nafaka.

Lakini kufanana kwa mgawanyo si kuwa sawa kwa kiasi. Waislamu wenyewe walihitilafiana tangu mwanzo. Wanavyuoni wa Iraki waliihesabu swaa kuwa ratili nane za Kibaghdadi, na watu wa Madina ratili tano na theluthi. Yasimuliwa ya kuwa Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alipofika Madina katika karne ya 8, alioneshwa vyombo vyenyewe ambavyo watu wa mji ule walikuwa wamerithi kwa wazee wao, akaacha kauli ya Iraki akafuata ya Madina. Msomaji aangalie ya kuwa kilichomaliza ubishi huo ni vyombo. Ratili peke yake haikutosha. Naye Imamu An-Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo yaliyoenea pwani kwetu, alieleza katika karne ya 13 ya kuwa kuiweka swaa kwa ratili kuna mashaka, kwa sababu nafaka mbalimbali zina uzito mbalimbali katika chombo kimoja. Asili ni ujazo, na uzito ni makisio. Hoja yake ni ile ile tuliyoipata kwa kupima unga na mchele.

Leo pishi imeadimika majumbani, na misikitini hutangazwa kilo: pengine mbili na nusu, pengine tatu. Watu wengine huona ya kuwa hitilafu hii ni uzembe. Haiwezi kuwa uzembe. Anayegeuza ujazo kuwa uzito lazima achague nafaka, tena achague chombo. Na mwenye hadhari huongeza kidogo, ili maskini asipunguziwe. Mfasiri wa vitabu hivi, walakini, ana wajibu mwingine. Akiandika pishi mahali pa swaa, na amwambie msomaji ya kuwa amefasiri neno, hakufasiri kiasi.

VI

Mahali pengine ambapo ujazo na uzito vilikutana, na mtu akaweza kupata hasara baina yake, ni mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Mikarafuu ilienea sana katika zama za Seyyid Said, na kazi ilifanywa na watumwa. Utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, ikabidi wachumaji walipwe, na ujira ukahesabiwa kwa pishi. Mchumaji hupanda mkarafuu, huchuma vishada, huchambua makonyo, kisha karafuu mbichi hupimwa kwa pishi na yeye hulipwa kwa idadi ya pishi zake. Mwenye shamba huzianika majamvini juani kwa siku kadha. Zikikauka hubaki kama theluthi moja ya uzito wake wa kwanza, na hizo ndizo zilizouzwa kwa frasila, na baadaye kwa kilo.

Basi mtu mmoja hulipwa kwa ujazo wa kitu kibichi, na mwingine hulipwa kwa uzito wa kitu kikavu. Mizani ya mwisho haimgusi mchumaji, na chombo cha kwanza hakimgusi mnunuzi. Katikati yao yako maneno yetu mawili, tele na mfuto. Pishi ikipimwa kwa tele shambani, karafuu iliyosimama juu ya mdomo wa chombo ni kazi ya mchumaji isiyoandikwa popote. Kwa pishi moja ni kidogo. Kwa msimu mzima ni haba na haba iliyojaza kibaba cha mtu mwingine.

Kadhalika katika safari za bara. Wapagazi wa karne ya 19 walipewa posho, na kiasi kilichokuwa mashuhuri ni kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Wanahistoria wakitaka kukisia chakula cha msafara, aghalabu huzidisha ratili moja na nusu kwa idadi ya watu na siku. Hesabu hiyo yafaa ikiwa kibaba ni cha tele na nafaka ni nzito. Kikiwa cha mfuto, na kilichogawiwa ni unga, mtu hubaki na ratili moja au pungufu. Tofauti hiyo ni theluthi ya chakula cha mtu aliyebeba frasila mbili kichwani au begani kutwa nzima. Hati inaposema kibaba tu, mwandishi wa historia na ajizuie kuandika gramu kana kwamba amezipima.

VII

Utawala wa Kijerumani ulileta bara vipimo vya kilo na lita. Baada yake Waingereza wakaleta painti, galoni na ratili zao. Na mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tanzania na Kenya zikashika kilo na lita. Mtu angedhani ya kuwa baada ya hapo ujazo ungetoweka sokoni. Haikuwa hivyo, bali ulibadilisha vyombo. Bati la mafuta ya taa, lenye galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo, likawa debe, kwa jina lililotoka Bara Hindi. Kopo la rangi la lita nne likawa sado, kutokana na jina la Sadolin lililochapwa ubavuni. Kenya, kopo la kilo mbili la mafuta ya kupikia likawa gorogoro. Kila kimoja kilizaliwa kama chombo cha kitu kingine, kikaachwa kitupu, kikashikwa na mama muuza nafaka, na jina lake likawa jina la kiasi.

Na ile khabari ya tele imefuata vyombo hivi vipya. Gunia la viazi au la mahindi lililoshonewa kilele juu ya mdomo wake huitwa lumbesa. Serikali ya Tanzania imeipiga marufuku, Wakala wa Vipimo huikagua, na sheria yataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini wakulima wangali wakiilalamikia, kwa kuwa wao huuza kwa gunia, na mnunuzi huuza kwa kilo mjini. Mwenye kusoma khabari za lumbesa bila ya kujua kibaba cha tele hudhani ni hila mpya. Ni desturi ya zamani iliyokua hata ikafika kimo cha gunia, ila zamani pande zote mbili zilikuwa na maneno ya kupatania kabla ya kupima.

VIII

Nimalizie kwa maneno machache kwa wenzangu wanaotunga makamusi na wanaohariri maandishi ya kale.

Kwanza, kitomeo cha kipimo kisiishie kwenye tarakimu moja. Kiseme ikiwa kipimo ni cha chombo au cha mizani. Kikiwa cha chombo, kitaje ujazo wake. Na kikitaja uzito, kitaje ni uzito wa kitu gani. "Kibaba: ratili moja na nusu" ni maelezo pungufu. "Kibaba: kipimo cha ujazo, robo ya pishi; kwa mchele huhesabiwa ratili moja na nusu" ni maelezo yanayoweza kumfikisha mtu jikoni salama. Pili, maneno mfuto na tele yawekwe pamoja na kipimo chenyewe, kwa maana bila ya hayo kipimo hakijakamilika. Tatu, mhariri akikuta pishi au frasila katika hati, aliache neno lilivyo katika matini, na ubadilishaji wake auweke pembeni pamoja na sababu zake.

Mwisho, vyombo vyenyewe vyatoweka upesi kuliko maneno. Katika nyumba za wazee, Lamu, Mombasa, Pangani, Bagamoyo, Unguja na Pemba, yamkini bado viko vibaba na pishi za mti au za bati vilivyowekwa juu ya kabati au vikatumiwa kuwekea vifungo. Kila kimoja kikijazwa maji na kupimwa, kisha kikijazwa mchele kwa mfuto na kwa tele na kupimwa tena, kitatupa katika robo saa khabari ambayo makamusi hayakutupa kwa zaidi ya miaka mia. Cha mama yangu nimekipima. Maji yake ni lita moja kasoro robo, na mdomo wake ni mpana. Nitawashukuru wasomaji watakaopima vya kwao na kutuletea matokeo, pamoja na jina la mahali na jina ambalo wenyewe hukiitia chombo hicho.